Maysun bint Bahdal: Binti wa jangwani aliyekinai kasri la Damascus

Je, umewahi kuamka usiku wa manane kwenye keja yako, iwe ni Makutano mjini Meru, Majimbo kule Embu au Nairobi ulikoenda kutafuta riziki, ukajikuta unatamani kwenu ocha? Stima iko. Maji ya mfereji yapo. Intaneti inashika vizuri. Hakuna mtu wa kukuamsha alfajiri ukakatie ng'ombe nyasi. Lakini roho inataka moshi wa kuni jikoni kwa shosho na ule ubaridi unaoteremka kutoka Mlima Kenya. Kesho yake ukikutana na marafiki huthubutu kusema neno, maana unajua utaitwa mshamba.

Basi leo nakuletea mtu aliyekutangulia katika hisia hiyo kwa karibu miaka 1,400. Tofauti ni kwamba yeye hakuwa akilipa kodi ya nyumba. Alikaa katika kasri, na mumewe ndiye aliyekuwa mtawala wa nchi ya Shamu, ambayo leo ni Syria na majirani zake. Baadaye mume huyo alikuja kuwa khalifa wa dola yote ya Kiislamu. Pamoja na hayo yote, mama huyu alilitamani hema la kwao jangwani, na inasemekana alilisema hilo waziwazi kwa shairi ambalo Waarabu hawajalisahau hadi leo. Jina lake ni Maysun bint Bahdal.

Kwao ni wapi?

Maysun alizaliwa katika kabila la Kalb, Waarabu waliofuga ngamia katika jangwa la Shamu. Malisho yao yalienea pande za Palmyra na kushuka kusini hadi Dumat al-Jandal, mji ambao leo uko kaskazini mwa Saudi Arabia. Wakati huo wengi wa Wakalb walikuwa Wakristo, na babake Maysun, Bahdal bin Unayf, aliyekuwa miongoni mwa wakuu wa kabila hilo, alikuwa Mkristo pia.

Ukitaka kupata picha ya maisha yao, huhitaji kupanda ndege. Panda matatu mjini Meru ushuke hadi Isiolo. Ni safari ya kama kilomita 50 tu, lakini unaiacha migomba na ukungu nyuma yako, unaingia nchi ya vumbi, migunga na ngamia. Ukisonga mbele kidogo kaskazini utakuta familia za wafugaji ambao nyumba yao hubomolewa asubuhi, ikapakiwa juu ya ngamia na kusimamishwa tena jioni mahali pengine. Wala mtu wa Embu hana haja ya kusimuliwa ukame. Akiteremka tu kutoka mashamba ya chai ya Manyatta hadi Mbeere, anaona jinsi ardhi inavyobadilika na watu wanavyobadilika nayo.

Hivyo ndivyo walivyoishi Wakalb. Mvua za majira ya baridi zilipoanguka, waliingia ndani kabisa ya jangwa kufuata nyasi changa. Kiangazi kilipokaza, walirudi karibu na visima na miji. Hema lao lilifumwa kwa manyoya ya mbuzi, na kazi ya kulifuma na kulisimamisha ilikuwa ya wanawake. Kwa hivyo usimdhanie Maysun kuwa fukara aliyeokotwa jangwani. Alikuwa binti wa mkubwa, aliyekua akiona wageni wakikaribishwa kwa babake na mambo ya kabila zima yakiamuliwa mbele ya hema lao.

Ndoa ya siasa

Mnamo mwaka 639, Khalifa Umar alimteua Muawiya bin Abi Sufyan kuwa gavana huko Damascus. Muawiya alikuwa mtu wa Makka, wa kabila la Quraysh, mwanasiasa mwenye subira na akili nyingi. Lakini alikuwa na tatizo moja. Shamu haikuwa kwao. Jamaa zake waliokuwa pamoja naye huko walikuwa wachache, na majeshi ya Warumi wa Konstantinopoli yalikuwa mpakani yakimtazama.

Wakalb, kwa upande wao, walikuwa wengi, walikuwa wapiganaji, na waliijua kila njia ya jangwa lile. Unaona mambo yanakoelekea? Muawiya alimwoa binti ya Bahdal, na kwa ndoa hiyo akalipata kabila zima. Hakuwa peke yake kufanya hivyo. Khalifa Uthman, ambaye naye alikuwa wa ukoo huo huo wa Umayya, alimwoa Naila, mwanamke mwingine wa Kalb.

Sisi tumezoea kusikia ndoa za aina hiyo zikisimuliwa kana kwamba bibi harusi ni mzigo unaohamishwa tu kutoka boma moja hadi jingine. Hapa Maysun ndiye aliyekuwa daraja. Bila watu wake, mumewe alikuwa mgeni mwenye cheo.

Akahamia Damascus. Huo ulikuwa mji wa kale tayari, wenye Mto Barada, bustani na matunda ya kila aina. Muawiya alijenga kasri karibu na mahali ulipo leo Msikiti Mkuu wa mji huo, likaitwa Khadra, yaani la kijani kibichi. Katika miaka ya 640 Maysun alimzalia mtoto wa kiume, Yazid. Ukimwangalia kwa macho ya mtaani, huyu mama alikuwa amefika. Amepata mume mwenye uwezo, nyumba ya fahari, nguo laini, na mtoto wa kiume juu ya hayo. Angetaka nini tena?

Shairi lililomfikia mwenye nyumba

Masimulizi ya Waarabu yanasema Maysun alianza kunyong'onyea. Kila kitu alichopewa kasrini alikilinganisha na kile alichokiacha. Hatimaye akatunga shairi fupi, ambalo muundo wake ni kama mizani. Upande huu anaweka kitu cha kasri, upande ule kitu cha jangwani, na kila mara mizani inalalia jangwani. Hema linalopigwa na upepo linalishinda jumba refu. Joho la sufu linaikwaruza ngozi lakini linautuliza moyo kuliko kitambaa chembamba cha mjini. Hata chakula, sauti za usiku na wanyama wa nyumbani vinapimwa vivyo hivyo.

Mwishoni ndipo alipogusa mahali pabaya. Aliweka katika mizani wanaume wawili, mtu wa kwao aliyekonda na mgeni aliyenenepa. Huhitaji kuambiwa ni nani aliyeshindwa. Vitabu vya historia vinamweleza Muawiya kuwa mtu mwenye mwili mkubwa na mpenda chakula, kwa hivyo dongo hilo halikukosea njia.

Inasimuliwa kwamba Muawiya alilisikia shairi hilo. Hakumpiga wala kumfungia. Alimpa talaka, akamwacha arudi kwa watu wake jangwani, na Yazid akaenda pamoja na mamake.

Hapa lazima nikwambie ukweli ili usije ukabishana na watu mtandaoni ukaaibika. Tangu karne ya 19 wapo watafiti waliolitilia shaka shairi hili. Wengine wanaona kwamba lilitungwa na mwanamke mwingine aliyeitwa Maysun pia, kisha watu wakalihusisha na huyu aliyekuwa mashuhuri zaidi. Hata kisa cha talaka hakina uhakika. Yaliyo imara zaidi ni haya: kwamba alikuwa binti ya Bahdal wa Kalb, kwamba aliolewa na Muawiya, kwamba alikuwa mamake Yazid, na kwamba mwanawe alilelewa akiwa karibu sana na wajomba zake wa jangwani.

Lakini jiulize, kwa nini kisa hiki kiliaminika vizazi na vizazi? Nadhani ni kwa sababu kilisema jambo ambalo maelfu ya watu walikuwa wakiliishi kimya kimya. Katika miaka hiyo Waarabu wengi walitoka jangwani wakahamia miji kama Damascus, Basra na Kufa. Walipata mishahara na nyumba za kudumu. Kisha usiku ukiingia, wakakumbuka kwao.

Nyumba ndani ya ubeti

Ushairi ulikuwa tayari kuwapokea. Kabla hata ya Uislamu, Waarabu walikuwa na desturi ya kufungua kasida kwa kusimama mahali palipokuwa na kambi zamani. Wenyewe wamehama, kumebaki majivu, mawe ya jikoni na alama za hema mchangani. Mshairi anasimama hapo anamkumbuka mpenzi wake. Imru' al-Qays wa karne ya 6 ndiye anayesifiwa zaidi kwa mwanzo wa namna hiyo. Antara bin Shaddad, ambaye mamake Zabiba alikuwa mtumwa kutoka Habasha, yaani Ethiopia jirani yetu, naye alisimama mbele ya makazi matupu ya Abla, binti ya ami yake. Wala uwanja huo haukuwa wa wanaume peke yao. Al-Khansa, aliyewalilia kakake wawili waliouawa, anahesabiwa kati ya washairi wakubwa wa Kiarabu wa nyakati zote.

Wewe uliyefanya ushairi shuleni, kuna jambo ambalo huenda mwalimu hakulitaja. Neno ubeti asili yake ni bayt, neno la Kiarabu lenye maana ya nyumba, na kwa mtu wa jangwani nyumba ni hema. Karne ya 8, huko Basra, mwanachuoni al-Khalil bin Ahmad alipochambua mizani ya mashairi, vipande vya sauti aliviita kwa majina ya vifaa vya hema. Kimoja kikaitwa kamba, kingine kigingi. Kwa hivyo kila ulipohesabu beti kwenye karatasi ya mtihani, ulikuwa ukihesabu mahema bila kujua.

Mtoto wa pande mbili

Turudi kwa Yazid. Alikua akijua kasri la babake na jangwa la mamake. Alipenda kuwinda, alipenda farasi, na alikuwa mshairi. Babake alipofariki mwaka 680, yeye akawa khalifa, na hiyo ikawa mara ya kwanza kwa cheo hicho kurithiwa kutoka kwa baba hadi kwa mwana.

Utawala wake ulikuwa mfupi na wenye damu. Mwaka huo huo wa 680, huko Karbala, majeshi yake yalimuua Husayn, mjukuu wa Mtume Muhammad, pamoja na jamaa na wafuasi wake. Jeraha hilo halijapona katika ulimwengu wa Kiislamu hadi leo, na jina la Yazid linabebeshwa lawama yake. Kulelewa vizuri na wajomba hakumwepushi mtu na hesabu ya matendo yake. Yazid alifariki mwaka 683 huko Huwwarin, kati ya Damascus na Palmyra, ukingoni mwa lile jangwa la mamake.

Na Wakalb? Mambo yalipovurugika baada ya kifo chake, ni wao, wakiongozwa na Hassan bin Malik, mjukuu wa Bahdal, waliosimama na ukoo wa Umayya. Mwaka 684 walipigana na kushinda katika vita vya Marj Rahit, na dola ya ukoo huo ikaendelea hadi mwaka 750. Watu wale wa mahema ndio walioliokoa kasri.

Mji ulivyorudi kujifunza jangwani

Sasa sikiliza jambo hili, kwa maana ndilo lililonifanya nikuandikie habari za Maysun.

Katika Kiswahili chetu tunalo neno bedui. Maana yake ni Mwarabu wa jangwani, lakini pia hutumiwa kumtukana mtu asiye na adabu. Kwa upande mwingine tunalo neno ustaarabu. Lugha moja imewachukua watu walewale ikatoa sifa na tusi. Ndivyo ilivyo pia kwa neno mshamba. Shamba ndilo linalotulisha, lakini mwenye nalo tunamcheka.

Watawala wa Damascus wangeweza kuwacheka mabedui vivyo hivyo. Badala yake waliwapeleka watoto wao kwao wakajifunze kusema. Mjini Kiarabu kilikuwa kimechanganyika na lugha nyingine, na sarufi ilikuwa imeanza kulegea. Jangwani bado kilikuwa imara. Inasimuliwa kwamba Khalifa Abd al-Malik alimpenda mno mwanawe al-Walid hata akashindwa kumpeleka huko. Al-Walid akawa khalifa mwaka 705, akajenga Msikiti Mkuu wa Damascus unaostaajabisha watu hadi leo, lakini alichekwa kwa makosa ya lugha. Babake aliona kwamba mapenzi yake ndiyo yaliyomharibu kijana.

Baadaye wanachuo wa nahau nao wakawa wanawasikiliza mabedui kwa makini, wakiandika wanavyotamka na wanavyopanga maneno. Sibawayh, Mwajemi aliyesomea Basra na kufariki mwishoni mwa karne ya 8, aliandika kitabu cha sarufi ya Kiarabu ambacho bado kinaheshimiwa kuliko vyote. Ndani yake, alipotaka kuthibitisha kanuni moja ya kitenzi, alichukua mshororo mmoja kutoka shairi hili la kulitamani hema. Ni ule unaotaja joho la sufu. Vitabu vingi vya nahau vilivyofuata viliurudia.

Hebu fikiria. Mwanamke amekaa kasrini, amechoka, anatamani vazi linalowasha la kwao. Mjini huenda walimcheka. Zaidi ya miaka 1,000 baadaye, kasri la Khadra halipo tena, lakini wanafunzi wa Kiarabu duniani wangali wanaukariri mshororo huo ili wajue kuongea sawasawa.

Sasa wewe

Sitaki kukudanganya kwamba jangwani kulikuwa peponi. Kulikuwa na njaa, kiu, na uvamizi wa kuibiana ngamia usiku. Mtu mwenye tumbo limeshiba huikumbuka kirahisi njaa ya zamani kana kwamba ilikuwa tamu. Hata wewe ukirudi ocha wiki mbili, siku ya tatu utaanza kulalamikia tope, choo cha shimo na mtandao unaopotea. Wala simwambii mtu aache kazi yake Nairobi arudi Igembe kuchuma miraa au Mbeere kuchuma muguka, isipokuwa kama ndiko hesabu zake zinakomwelekeza.

Ninachosema ni kwamba Maysun hakuona haya. Kama kweli shairi ni lake, basi alikuwa na sababu zote za kunyamaza, kwa kuwa kusema kungemtoa katika nyumba ambayo wengi wangeuana ili waipate. Alisema, na akabaki na akili timamu ya kujua alichopoteza ni nini hasa. Katika hema la babake alikuwa mtu anayejulikana, mwenye jina na jamaa. Kasrini alikuwa mke wa mtu.

Wewe ukiwa mjini unaitwa mteja, mpangaji, abiria. Nyumbani kuna mzee anayekutambua kwa jina la babu uliyerithi jina lake, na anajua hata siku uliyozaliwa mvua ilinyesha kiasi gani. Mzee huyo anasema Kiimenti, Kiigembe, Kitharaka, Kichuka, Kimbeere au Kiembu cha ndani, chenye methali, vitendawili na majina ya mimea ambayo huyapati popote kwenye simu yako. Vijana wengi wa rika letu wakienda kumsalimia huhitaji mtu wa kuwatafsiria. Watoto wetu watahitaji zaidi.

Wale khalifa walikuwa na ngamia na miezi mingi ya kumwacha mtoto jangwani. Sisi tuna matatu na wikendi moja. Desemba hii ukipanda gari pale steji ya Embu au Meru, beba unga, sukari na majani chai kama kawaida, lakini acha nafasi kwenye kumbukumbu ya simu yako. Ukifika, keti karibu na moto, umwombe shosho akusimulie jinsi nyumba yao ya zamani ilivyojengwa, kila mti kwa jina lake na kila kamba kwa jina lake. Washa kinasa sauti, kisha umsikilize mpaka amalize.